Pombe siku ya mapumziko: mwongozo kamili kwa dereva wa lori wa njia ya Kigoma na Tabora

Mkono wake ulitafuta gia ya nne mara mbili, ukaikosa. Hicho nakikumbuka kuliko hata kishindo chenyewe. Nilikuwa tandiboi, yaani msaidizi wa dereva, tumebeba chumvi ya Uvinza kwenda Tabora, na siku ile tulilala Kaliua kwa sababu mwenye gari alipiga simu jioni akasema kesho hakuna safari, kuna karatasi hazijakamilika, pumzikeni. Dereva wangu, mtu ninayemheshimu mpaka leo, akafanya kile ambacho mtu mzima aliyeambiwa apumzike ana haki ya kukifanya: akaenda kunywa wanzuki, pombe ya asali. Alirudi saa sita usiku akitembea vizuri tu. Saa tisa simu ikaita tena. Karatasi zimepatikana, ondokeni sasa hivi, mteja anasubiri.

Hakuwa anayumba. Alimsalimia mlinzi, akagonga matairi yote kwa nyundo, akakaza kamba za turubai. Tukiwa njiani kuelekea Urambo lori likahama barabara polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani, likalala mtaroni. Hakufa mtu. Mvua ikanyesha, chumvi ya magunia yaliyopasuka ikayeyuka, na msimu uliofuata nilipopita pale nikakuta kipande cha ardhi kisichoota hata jani moja. Dereva alifukuzwa kazi. Aliyepiga zile simu mbili hakuulizwa kitu.

Baadaye niliendesha mwenyewe kwa miaka mingi, na sasa kazi yangu ni kupanga safari za magari ya watu. Mwongozo huu nimeuandika kwa dereva anayekunywa, kwa asiyekunywa lakini anaketi na wanaokunywa, na kwa mwenye gari. Sitamwambia mtu aache pombe. Ninachotaka ni kila dereva ajue mambo mawili kabla ya kuagiza: saa ngapi atawasha gari, na nani ana uwezo wa kuibadilisha saa hiyo.

Hatua ya kwanza: jua kama kweli uko ofu

Hapa ndipo watu wengi wanapoangukia, ndiyo maana nitakaa hapa kidogo.

Dereva akisema "niko ofu" anaweza kuwa anamaanisha mambo matatu tofauti kabisa. La kwanza ni likizo au mapumziko ya wiki: gari liko yadi, funguo ziko ofisini, unarudi kazini Jumatano. Hiyo ni ofu ya kweli. La pili ni mapumziko kati ya safari na safari: umefika Tabora mchana, unaondoka kesho alfajiri kwenda Nzega. Hiyo ni ofu yenye mwisho unaojulikana, na unaweza kuipigia hesabu. La tatu ni kusubiri. Umefika bandari ya Kigoma, uko kwenye foleni ya kushusha mzigo unaovuka ziwa kwenda Kalemie au Bujumbura, au umekwama Manyovu karatasi za mpaka zikishughulikiwa, na hakuna anayejua utaitwa lini. Inaweza kuwa baada ya siku mbili, inaweza kuwa baada ya nusu saa.

Kusubiri si ofu. Kunachosha, kuna joto, kuna wenzako wamekaa chini ya mwembe na kreti katikati, na kila mtu anasema leo hatuitwi. Lakini mapumziko yanayoweza kufutwa kwa simu moja hayajawa yako bado. Kanuni yangu ni ngumu na sijawahi kujuta kuishika: kama sijui saa ya kuondoka, sinywi hata moja.

Dawa ya hali hii ni kuifanya saa ijulikane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau masaa 12 mfululizo ya mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na angalau masaa 24 ya mapumziko kila wiki. Yale 12 yanaweza kushuka hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi na kwa masharti maalumu. Madereva wengi wanaishi kana kwamba sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya makarani. Ni ya kwako pia.

Kwa hiyo ukiambiwa pumzika, tuma ujumbe mfupi wa maandishi, kwa heshima na bila ubishi:

"Shikamoo bosi. Nimefika Tabora salama, gari liko yadi, mzigo umekamilika. Nathibitisha napumzika hadi kesho kutwa saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya hapo sitakuwa tayari kuendesha. Nikikosea naomba unirekebishe sasa."

Ukijibiwa "sawa", una ofu na una ushahidi. Ukijibiwa "usikae mbali na simu", umeshajua: unasubiri, haujapumzika. Agiza soda.

Hatua ya pili: pima kinywaji, usihesabu chupa

Mtu akisema amekunywa "mbili tu", hajasema chochote mpaka aseme mbili za nini. Kinachokaa kwenye damu ni kilevi chenyewe, na kinahesabika kwa gramu. Chukua ujazo kwa mililita, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79.

Bia kubwa ya mililita 500 yenye asilimia 5 inatoa karibu gramu 20. Bia zetu nyingi ziko kati ya asilimia 4.5 na 5.5, kwa hiyo 20 ni namba nzuri ya kubeba kichwani. Sasa chukua bapa la Konyagi la mililita 200. Konyagi ina asilimia 35. Hesabu inakupa gramu 55, karibu bia kubwa tatu, ndani ya kichupa kinachoingia mfuko wa shati. Ndiyo maana dereva anayesema "sikunywa, nilipiga kibapa tu" amekunywa zaidi ya yule wa bia mbili aliyekuwa anamcheka. Viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017, na moja ya sababu zilizofanya watu wa barabarani wapumue ni hiyohiyo: kinywaji kikali, bei ndogo, unakiweka kwenye dashibodi.

Pombe za kienyeji ndizo zinazoharibu hesabu yote. Tabora ni nchi ya asali, na wanzuki wa asali ni mtamu, hausumbui koo, na mtu anaumaliza kama juisi. Kangala nayo inategemea mpishi, joto, na imekaa siku ngapi. Wanzuki wa Jumamosi si wanzuki wa Jumatatu hata kama umetoka mtungi uleule, kwa sababu unaendelea kuchachuka. Hakuna lebo, kwa hiyo hakuna hesabu. Ukinywa kinywaji kisicho na lebo, kesho yake yote usiipangie usukani. Gongo iache kabisa. Kwanza ni haramu kisheria, na pili haijulikani ndani kuna nini. Methanoli, kilevi cha sumu, ikiingia humo inaua macho kabla haijamuua mtu, na dereva asiyeona si dereva tena.

Hatua ya tatu: hesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kuwasha gari

Watu huhesabu mbele: nimeacha kunywa saa nne, nimelala, nimeamka, niko fiti. Wewe hesabu nyuma. Anza na saa utakayowasha gari, kisha rudi.

Ini linaondoa kilevi kwa mwendo wake, halikubali kuharakishwa. Kwa watu wengi kiwango kwenye damu kinashuka karibu miligramu 15 kwa kila mililita 100 za damu, kila saa moja. Wengine 10, wengine 20. Bia kubwa moja kwa mwanaume wa kilo 70 inapandisha karibu miligramu 42. Kwa hiyo bia kubwa moja inahitaji karibu masaa matatu kuisha. Mwenye mwili mdogo anahitaji zaidi, na mwanamke kwa kawaida anahitaji zaidi hata akiwa na uzito sawa na wa mwanaume.

Kanuni ninayowapa madereva wangu ni hii: masaa matatu kwa kila bia kubwa, na saa inaanza kuhesabiwa ulipomeza fundo la mwisho. Najua ukianzia fundo la kwanza hesabu itakuwa fupi kidogo. Hiyo ziada ni mto wa kuegemea, ingawa kwa yule ambaye ini lake ni la mwendo wa 10 bado haitoshi.

Tuangalie usiku mmoja. Uko Kigoma mjini, umekula migebuka na ugali, umeanza kunywa saa mbili usiku. Bia kubwa nne, umeacha saa nne. Safari ni saa kumi na moja alfajiri. Kwa mtu wa kilo 70, bia nne zinapandisha karibu miligramu 168. Kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na moja ni masaa tisa, yanashusha 135. Unakaa kwenye usukani ukiwa na 33. Hunuki sana, huyumbi, umelala masaa sita, na bado una pombe kwenye damu ukiwa na semi-trela nyuma yako. Sasa fanya ziwe sita badala ya nne. Zinapandisha 252, toa 135, unabaki na 117. Huyo amelewa kisheria, alfajiri, baada ya kulala, na anaamini kwa moyo wake wote kwamba alilewa jana.

Kwa kanuni ya masaa matatu, bia nne zilizoisha saa nne usiku zinakuachia huru saa nne asubuhi. Kama safari ni saa kumi na moja alfajiri, ilibidi uwe umemaliza saa kumi na moja jioni ya jana kwa bia nne, au saa mbili usiku kwa bia tatu. Moja inaruhusu hata saa nane usiku, lakini kwa saa hiyo usingizi una kazi muhimu zaidi.

Kuhusu sheria: Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa 1973, inaweka kikomo cha jumla cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Usiishi kwa namba hiyo. Dereva wa gari la biashara aliyebeba tani thelathini hana sababu ya kusogelea kikomo, na uwezo wa kuona pembeni na wa kukanyaga breki kwa wakati huanza kushuka mapema kuliko hapo. Namba yako ni sifuri.

Vijana wengine wamesoma mtandaoni kwamba "sheria ni masaa manne". Hiyo ni kanuni ya Marekani: dereva wa gari kubwa la biashara kule haruhusiwi kunywa ndani ya masaa manne kabla ya kuingia kazini, na kikomo chake ni 0.04, yaani miligramu 40 kwa hesabu yetu, nusu ya zile 80. Rubani wa kule anatakiwa masaa manane. Lakini kanuni zile zina sehemu mbili, na watu wanabeba moja tu. Masaa manne ni kiwango cha chini, na juu yake bado unapimwa. Ukikutwa na 0.02 hadi chini ya 0.04 unaondolewa barabarani angalau masaa 24. Mtu aliyekunywa sita anaweza kusubiri manne, akatii sehemu ya kwanza na kuvunja ya pili.

Na haya hayapunguzi chochote: kahawa, maji ya baridi, supu ya kongoro, kinywaji cha kuongeza nguvu, maziwa, kutapika asubuhi, kutoka jasho. Kahawa inakupa mlevi aliye macho. Chakula kizito kabla ya kunywa kinachelewesha kilevi kupanda, hakikifuti. Dawa ya meno inaficha harufu kwa trafiki, haifichi kitu kwa ng'ombe aliyekatiza barabara pale Usinge. Mirungi ni kosa la pili juu ya la kwanza. Kuzimua nako, ile ya asubuhi ya kutuliza kichwa, ni kunywa upya, na saa inaanza kuhesabiwa upya.

Hatua ya nne: kabla ya glasi ya kwanza

Funguo zitoke mikononi mwako. Zikabidhi ofisini, kwa msimamizi wa yadi, kwa mtu asiyekunywa ambaye hatakurudishia ukizidai kwa sauti. Sheria haimwangalii anayeendesha peke yake. Kukutwa umelewa nyuma ya usukani wa gari ambalo liko chini yako, funguo mfukoni, injini imewashwa kwa ajili ya feni, ni mahali pabaya pa kuanza kujieleza. Kama umekunywa, lala gesti. Najua gesti ni hela na kabini ni bure, na najua mzigo unahitaji mlinzi. Mpange tandiboi alale garini, au lipia mlinzi wa yadi. Hela hiyo ni sehemu ya bei ya pombe. Kama huna ya gesti, huna ya bia.

Hapohapo zungumza na tandiboi. Mwambie mapema, akiwa anakusikia na wewe ukiwa na akili zako: "Dogo, leo nakunywa. Hata nikikuambia nini, wewe huwashi gari." Nimeona vijana wazuri wakiharibiwa maisha kwa njia hii. Dereva amelewa, bosi anapiga kelele kwenye simu, na kijana ambaye hajawahi kushika leseni ya gari kubwa anaambiwa "isogeze tu mpaka mizani". Hajanywa, ndiyo, lakini kutokunywa hakumpi leseni wala ujuzi wa kuteremsha semi kwa gia. Tandiboi, kama unasoma hapa: kumheshimu kaka yako si kuendesha kwa niaba yake. Mfiche funguo, mpelekee maji, mpigie simu bosi umwambie dereva anaumwa kama huna ujasiri wa kusema kingine. Lakini usiwashe.

Angalia na dawa ulizomeza. Huku kwetu malaria haiishi, na dereva mara nyingi yuko kwenye dozi. Piriton na dawa nyingine za mafua zinaleta usingizi zenyewe, na pombe inauzidisha. Metronidazole, zile za tumbo, watu wote wa famasi watakukataza kuchanganya na pombe. Ukiwa kwenye dawa, usinywe, na kama dawa yenyewe inaleta usingizi, usiendeshe hata bila pombe.

Wengi wa wenzetu Ujiji na Tabora hawanywi kwa sababu ya dini, na wengine kwa sababu zao tu. Usimsukumie mtu chupa. Asiyekunywa mezani ndiye anayejua saa ya kweli.

Hatua ya tano: asubuhi

Kwanza rudia hesabu kwa uaminifu, ukiwa peke yako, kabla hujapiga mswaki. Ngapi, za nini, ya mwisho saa ngapi. Kama hukumbuki ya mwisho, jibu umeshalipata.

Kisha jiangalie. Kiu isiyoisha, mikono inayotetemeka unapofunga kamba za viatu, mwanga unaoumiza macho, kichefuchefu cha harufu ya dizeli. Hata kama pombe imefika sifuri, mwili uliolewa unaendelea kuwa mzito kwa masaa kadhaa. Pombe inakulaza haraka lakini inakatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku, kwa hiyo masaa sita ya kulala na pombe si masaa sita. Changanya na ile nguvu ya usingizi inayomshika kila binadamu kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, weka na kipande kirefu kilichonyooka kati ya miombo ambako husikii kitu ila matairi, na umetengeneza ajali bila kuvunja kikomo chochote.

Vipimo vidogo vya kupuliza vinauzwa, na kampuni au kikundi cha madereva wanaweza kuchangia kimoja. Ukikitumia, kaa dakika 15 bila kunywa, kula, kuvuta sigara wala kusukutua mdomo, kwa sababu kilevi kinachobaki mdomoni kinadanganya kipimo. Vya bei rahisi havina uhakika, kwa hiyo kikisema una pombe kiamini, na kikisema huna, bado fuata hesabu.

Hatua ya sita: simu ya saa tisa usiku

Hii ndiyo simu iliyolaza lori letu mtaroni. Itakuja kwako pia, kwa hiyo jifunze maneno kabla.

"Samahani bosi. Uliniambia napumzika hadi kesho kutwa, nimekunywa. Siwezi kuendesha kabla ya saa saba mchana. Kama ni lazima gari liondoke sasa, naomba utafute dereva mwingine, funguo nitamkabidhi na karatasi zote ziko tayari."

Maneno haya yana vitu vinne na kila kimoja kina kazi: umemkumbusha alichosema, umesema ukweli bila kujitetea, umetaja saa, na umempa njia. Usiseme "nimekunywa kidogo", maana hilo linamwalika aseme "basi kidogo si neno". Usiseme "nitajaribu". Atakasirika. Msikilize, usijibizane, kisha tuma maneno hayohayo kwa ujumbe wa maandishi.

Na wakikuambia usogeze tu gari kutoka getini, ndani ya yadi, mita kumi, jibu ni lilelile. Yadi ina watoto wa mama lishe, ina fundi amelala chini ya gari la jirani.

Anaweza kukutishia kazi. Sheria ya Ajira inataka mwajiri awe na sababu halali na ya haki, na afuate utaratibu wa haki, kabla ya kumwachisha mtu. Dereva aliyekunywa ndani ya mapumziko aliyopewa, akakataa kuendesha akiwa na pombe, amelinda mali ya mwajiri. Ukiachishwa kwa hilo, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ule ujumbe wa hatua ya kwanza ndio utakaokusemea. Kuna upande wa pili, nao niuseme: ukikubaliana saa, ukafika saa hiyo ukiwa na pombe, kosa ni lako na huna wa kumlaumu. Kilichofanyika ofu kinaingia kazini pale tu kinapofika kazini ndani ya damu yako.

Ukisimamishwa, au likikupata

Trafiki akikuomba upulize, puliza. Kukataa kunakuongezea tatizo na hakuondoi lililopo. Kuwa mpole, omba uone namba, kumbuka saa.

Ikitokea ajali, simama, saidia majeruhi, toa taarifa polisi. Majeruhi watahitaji PF3, ile fomu ya polisi, hospitalini. Na usinywe chochote cha kutuliza moyo. Wasamaria wema watakuletea, wakikuona unatetemeka. Ukipimwa baada ya hapo, hakuna atakayeweza kutenganisha pombe ya kabla na ya baada, na hata kama ulikuwa msafi umejichafua. Marekani wameliandika hilo kwenye kanuni: baada ya ajali inayohitaji kipimo, dereva hanywi kwa masaa nane au mpaka apimwe. Kanuni hiyo ichukue uifanye yako.

Bima nayo uisome ukiwa nyumbani, si ukiwa mtaroni. Mikataba mingi ina kifungu kinachoiruhusu kampuni kukwepa hasara ya gari na mzigo kama dereva alikuwa na kilevi.

Kwa mwenye gari

Mzee wangu, mama yangu, wewe uliyekopa benki kununua lori hilo: usiandike tu ubaoni "ni marufuku kulewa". Andika saa. Kila dereva apate saa ya kuondoka kwa maandishi, na ukishaitoa usiirudishe nyuma. Kuichelewesha unaweza, kuiwahisha hapana. Ukihitaji mtu wa kuitwa wakati wowote, mteue, mwambie ni zamu yake, na mlipe kwa kukaa mkavu, kwa sababu umenunua jioni yake.

Posho ya safari yote usiitoe mkononi siku ambayo gari limelala. Gawanya. Na akikuambia "nimekunywa", mshukuru kwanza, hasira baadaye ukiwa peke yako. Ukimwadhibu aliyesema, wa pili hatasema, ataendesha. Usimfuatilie baa akiwa likizo, wala usimfukuze kwa picha aliyopigwa harusini Kasulu Jumamosi wakati anarudi kazini Jumatano. Hiyo ni siku yake.

Ikiwa pombe imekushika

Hesabu zote za hapo juu ni za mtu anayeweza kuacha baada ya nne. Kama unaanza na mbili na kila mara unaishia usikojua, kama unazimua kila asubuhi, kama mikono inatetemeka mpaka upate ya kwanza, hesabu haitakusaidia. Huo ni ugonjwa, na unatibika. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora, ueleze ukweli na uombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Muombe mwajiri akuweke kazi ya yadi kwa muda, umwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine. Na kama umekuwa ukinywa sana kila siku, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani, maana mwili unaweza kuingia kwenye degedege na kuchanganyikiwa. Mtafute mtu wa kukusindikiza, na mwende hospitali kwanza.